Barabara ya Kwenda Ndorondoro

Kwa miaka mingi niliamini, bila wasiwasi hata kidogo, kwamba huko juu ya Nanyuki kuna mji unaoitwa Ndorondoro ambao matope yake humeza malori. Si magurudumu tu. Lori zima, pamoja na turubai lake. Kwetu Wamagana ilisemwa kwamba anayetaka kuvuka soko la huko hukanyaga migongo ya malori yaliyozama, kama mawe ya kuvukia mto, na kwamba mbuzi wa huko huuzwa kwa kuonyeshwa pembe, maana mbuzi mwenyewe yuko chini.

Sikuona sababu ya kubisha. Kwa Kikuyu, ndoro ni matope. Mji uliojitaja matope mara mbili haukuhitaji shahidi mwingine. Tena kaka yangu mkubwa alikuwa akinunua mifugo huko, na kila aliporudi nyumbani tulimuuliza kama ni kweli malori yanazama.

"Lori ni kitu gani," alikuwa akisema huku akila. "Juzi mimi nilikanyaga basi."

Hiyo ilikuwa miaka ya kwanza ya Uhuru. Mchana nilipanga mbao katika duka moja mjini Nyeri, jioni nikaenda shule ya watu wazima, na kwa maoni yangu hapakuwa na mtu aliyesoma kunizidi kutoka hapo hadi mlimani. Mwalimu wetu wa jiografia alikuwa ametoka magharibi mwa nchi, naye aliyasoma majina ya ramani jinsi yalivyoandikwa. Kiganjo aliitamka kwa g ngumu, kama mtu anayegonga msumari. Sisi wenyeji tunasema Keghanjo, ile g ikipita kooni polepole bila kumgonga mtu. Mukurweini aliipanda silabi moja moja kama ngazi, akafika juu akihema. Tulicheka mpaka ukuta wa upande wa barabara ukapata ufa. Ufa wenyewe ulikuwapo kabla, lakini ulipanuka.

"Haya, semeni nyinyi," akatuambia.

"Mokorweine," tukasema pamoja.

"Sasa mbona mliandika vingine?"

"Si sisi tuliandika, mwalimu," akajibu mmoja kutoka nyuma.

Mwalimu akasogeza fimbo juu zaidi, akaipita Nanyuki, akasoma: Doldol. Hapo hakuna aliyecheka. Tulikuwa tumeshughulika sana kumrekebisha yeye, na jina hilo tuliliona kavu kama kikohozi, jina la mahali pa watu wengine. Alisema ni nchi kame, ya wafugaji. Nikaliweka kichwani hivyo. Kisha nikatafuta Ndorondoro kwenye ramani ile, nikaikosa, na haikunishangaza. Nilifikiri imezama.

Sasa, baba yetu alikuwa ameshafariki, na dada yetu alikuwa amepata mchumba. Watu wa mchumba walitaka kuja kuzungumza habari ya mahari, lakini mwenye kukaa kwenye kiti cha baba na kuwapokea alikuwa kaka, na kaka alikuwa Ndorondoro. Serikali ilikuwa imeweka karantini ya mifugo huko, wanyama hawatoki, na yeye hakutaka kuwaacha wake. Siku ya wageni ikaahirishwa mara moja, ikaahirishwa tena. Upande wa pili wakatuma neno kwamba watakuja Jumamosi, na wakikosa mtu wa kuongea naye, kuna nyumba nyingine zilizo na wasichana.

"Nenda Ndorondoro umlete ndugu yako," mama akaniambia. "Na usiniletee Kizungu cha shule. Niletee yeye."

Dada alikuwa akinipigia pasi shati. "Utampata?" akauliza.

"Hata kama amezama mpaka shingoni."

Hakucheka. Aliendelea kupiga pasi kola ileile, ambayo ilikuwa imenyooka zamani.

Nikaazima gambuti, viatu virefu vya mpira vya kukanyagia matope, kwa jirani, nikazifunga pamoja na kuzitundika shingoni. Mpango wangu ulikuwa wa kisomi kabisa: nitakwenda kwanza Doldol, ambayo iko kwenye ramani, na nikifika huko nitaulizia barabara ya Ndorondoro. Nanyuki nikapata lori tupu lililokuwa likienda kuchukua mifugo. Dereva alikuwa mtu wa Isiolo.

"Ndorondoro?" akasema. "Mimi huku nimezunguka sana, lakini huko sijafika."

"Labda ni kwa sababu ya matope."

Akaangalia gambuti, akaangalia vumbi nje ya dirisha, ambalo lilikuwa jingi kiasi kwamba ndege walikuwa wakitembea kwa miguu. 

Tulifika Doldol Jumatano. Mji ulikuwa wa maduka machache ya mabati na jua la kutosha wilaya tatu. Nikaingia hoteli ya chai, nikamuuliza mwenyewe, Msomali mmoja mpole, barabara ya kwenda Ndorondoro.

"Ndorondoro ni mtu?"

"Ni mji. Uko na matope mengi."

"Ndugu yangu," akasema akinimiminia chai, "sisi hapa tunatafuta maji, na wewe unatafuta matope?"

Wafugaji waliokuwa wamekaa mlangoni wakaelezwa habari hiyo kwa Kimaasai. Mmoja akaomba kushika gambuti. Akaingiza mkono ndani mpaka kwenye kiwiko, akawaambia wenzake kitu, na wote wakanitazama kwa huruma.

Niliuliza Alhamisi yote. Niliuliza dukani, kisimani, kwa mwenye kuuza chumvi ya ng'ombe. Niliuliza barabara tu. Jina la kaka sikulitaja kwa mtu yeyote, maana kaka hakuwa Doldol. Kaka alikuwa Ndorondoro, kila mtu kwetu alijua hivyo.

Ijumaa asubuhi lile lori likawa tayari kuondoka, na halikuwa na mwenzake wiki hiyo. Nikapanda nyuma nikitafuta maneno ya kumwambia mama, na nikaona ni afadhali nitafute ya kumwambia dada kwanza. Mbuzi wakaanza kupakiwa. Karantini, kumbe, ilikuwa imeondolewa. Aliyekuwa akiwasukuma kutoka chini kwa bega, kofia imemshuka mpaka kwenye nyusi, alikuwa kaka.

"Mwalimu," akasema, jina alilonipa tangu nianze shule ya jioni, kama aliyenikuta nyumbani uani. "Nani mgonjwa?"

Nikamweleza habari ya Jumamosi. Alisikiliza mpaka mwisho, akamwita dereva na kumwambia mbuzi hawa watashushwa Nanyuki na kuuzwa leoleo, kwa bei yoyote, kwa sababu yeye lazima alale Wamagana. Kisha akapanda, akakaa kando yangu, lori likaondoka.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Nilisikia huko malishoni kwamba kuna Mkikuyu wa gambuti anazunguka hapa mjini tangu juzi, nikasema ni wazimu. Ulikuwa unatafuta nini?"

"Barabara ya kwenda Ndorondoro."

Akavua kofia, akaikung'uta vumbi, akaivaa tena.

"Ndorondoro ndiyo Doldol," akasema. "Ni ulimi wetu tu."