Jiko la Jengo la Saba

Kabla ya siku ile ya Agosti, mambo yalikuwa hivi. Nyuma ya matuta ya mchanga ya pwani ya Ubelgiji, mwendo wa saa mbili kwa basi kutoka Brussels, palikuwa na kambi ya likizo yenye majengo tisa ya matofali, yote ya umbo moja. Ilijengwa ili watoto wa wafanyakazi wa mjini wapate hewa ya bahari. Katika majira ya baridi ambayo vita vilikuwa vimewafikia majirani lakini havijaingia Ubelgiji, jeshi liliichukua kambi hiyo na kuwaleta vijana walioandikishwa karibuni. Walifundishwa humo kutambaa mchangani, kuchimba mahandaki na kulenga shabaha kwa bunduki za mbao, kwa kuwa za chuma hazikutosha. Vijana hao walihitaji kula. Miongoni mwa wapishi walioajiriwa alikuwamo mjane mmoja wa kijiji cha jirani, ambaye alikuja kazini kila asubuhi akiwa amemshika mkono mwanawe wa miaka mitano.

Mwana huyo sasa ana miaka tisini. Ni padri mstaafu aliyeishi Kivu, mashariki ya Kongo, miaka arobaini, na leo yumo katika nyumba ya wazee huko Laeken, mtaa wa Brussels. Kwa maelezo yake mwenyewe, Kiholanzi ni cha kuzungumza na daktari. Ndoto zake zote huziota kwa Kiswahili. Mimi ni mtu wa Tanga, na kazi yangu ni kusoma hati za kale za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu: kulinganisha nakala, kupima karatasi, kutafuta mahali mnakili aliposinzia. Nilimwendea mara ya kwanza ili kumwuliza maana ya maneno matatu. Niliendelea kumwendea kwa ajili ya mazungumzo yake.

Katika nyumba hiyo anahudumiwa na mama mmoja wa Bukavu, mwenye sauti inayosikika ghorofa mbili. Siku za kazi huwaosha na kuwavisha wazee. Ikitokea harusi au matanga kati ya watu wa Kivu walioko Brussels, yeye ndiye msimamizi wa masufuria yote. Wenzake humwita Maman, bila nyongeza, kana kwamba hakuna mwingine.

Ni yeye aliyetusomea habari gazetini kwamba kambi ile ya pwani ingebomolewa kabla ya baridi. Padri akanigeukia.

“Professeur, mi nataka kitu moja tu. Nikae tena ku mulango ya jiko ya mama yangu.”

Alitueleza. Askari walipokwisha kula wali uliopikwa kwa maziwa, mama yake alikwangua ukoko chini ya sufuria, akampa juu ya kifuniko, naye akaula akiwa ameketi kwenye jiwe la kizingiti huku akiwatazama vijana wakitambaa. Mama huyo alifariki mwaka wa pili wa utume wa mwanawe. Barua ilichukua wiki tano kumfikia Kivu, na alipopata ruhusa ya kurudi, kaburi lilikuwa limekwisha kuota majani. Nyumba waliyoishi haipo tena. Picha ya mama anayo moja, na uso umefutika. Kilichobaki duniani ambacho mama yake alikigusa kila siku ni kile kizingiti. Lakini katika majengo tisa yaliyofanana, yeye hakukumbuka ni kipi.

Nilijitwika kazi ya kukitafuta, na naungama kwamba niliifurahia kupita kiasi. Nilikwenda hifadhi ya nyaraka asubuhi nne. Siku ya nne nikapata ramani ya kambi iliyochorwa na jeshi, safi, yenye kipimo na mwelekeo wa kaskazini, na juu ya jengo la nne limeandikwa: jiko. Jengo la saba liliandikwa ghala la silaha. Niliyalinganisha maandishi hayo na yote ambayo padri alinisimulia na ambayo nilikuwa nimeyaweka katika daftari. Jambo moja halikupata mahali. Alisema kwamba katika jiwe la mlangoni palikuwa na barabara ndogo, naye alikuwa akiviringisha ndani yake kifungo cha koti la mama yake. Niliikata sentensi hiyo kwa mstari. Mtoto wa miaka mitano, nilijiambia, hutengeneza barabara popote.

Halmashauri ya mji ule wa pwani ilitupa ruhusa ya siku moja, hadi saa kumi na moja jioni. Watu wa Kivu, ambao kila mwaka hukodi basi kwenda baharini, wakaamua kwamba safari ya mwaka huo, mwezi wa Agosti, iwe huko. Basi lilipangwa kuondoka Porte de Namur saa mbili asubuhi, likaondoka saa tatu na nusu, na hakuna aliyechelewa, kwa sababu wote walikuwa wamekadiria hivyo. Maman alipakia jiko la gesi, sufuria inayotosha kumwogesha mtu mzima, mchele, maziwa, na mdalasini alioununua sokoni Flagey baada ya kuunusa kwa wauzaji watatu.

Tulipofika, upepo ulikuwa ukivuma kutoka baharini. Tulimsukuma padri katika kiti chake cha magurudumu juu ya mbao tulizozitandaza mchangani, na nikawaongoza wote hadi jengo la nne nikiwa na nakala ya ramani mkononi. Tukamwinua, tukamkalisha kizingitini. Alikipapasa kizingiti kwa viganja vyote viwili. Alitazama mbele, akatazama kulia.

“Asante, professeur,” akasema.

Nilimjua vya kutosha kutambua kwamba asante ile ilikuwa ya adabu tu. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefunguliwa mlango na mgeni.

Hapo Maman akatokea na ndoo ya maji. Wanawake wa Kivu wana desturi ambayo nimeiona katika kila sherehe yao: hawawashi moto mahali pageni kabla ya kumwaga maji sakafuni, ili wajue yataelekea wapi watakapoosha. Alimwaga ndoo nzima katikati ya chumba. Maji yakatanda, yakatulia, yakabaki yakitutazama.

“Bon,” akasema. “Hapa hapakuwaka jiko.”

“Ramani inasema palikuwa,” nikajibu, nikamwonyesha.

“Ile muntu aliandika, alipikaka?”

“Alikuwa mhandisi wa jeshi.”

“Donc hakupikaka.” Wenzake wakacheka. “Angalia, professeur. Upepo inatoka ku bahari, inaingia hapa, inabeba moshi yote mu vyumba ya basoda, bale baaskari. Na maji inalala kama mulevi. Mama ya mon père, ya padri huyu, alikuwa mupishi, ao alikuwa samaki?”

“Ushahidi wa maandishi, Maman, una uzito wake.”

“Uzito iko. Beba yeye na hii ndoo, tunaenda.”

Nikaibeba ndoo. Sijawahi kushiriki utafiti wenye kelele kiasi kile. Tulikwenda jengo hadi jengo: Maman mbele, wanawake wanne na ndoo zao, watoto wakigombania bomba la maji la uwanjani, padri katika kiti chake akisukumwa na dereva wa basi, na mimi nyuma nikilowa viatu. Jengo la tano, maji yakasimama. La sita, yakasimama. Kila yaliposimama watoto walipiga kelele “Apana!” kwa furaha kubwa, na padri akawa anapiga kelele pamoja nao. Wanawake walianza kuimba, na mlinzi wa lango, Mbelgiji mnene ambaye hakuelewa neno, akaja kutazama, akapewa ndoo.

Katika jengo la saba maji hayakutulia hata kidogo. Yalitelemka yote kwa haraka hadi pembe ya nyuma, yakazunguka, yakazama. Maman akapiga magoti, akaondoa mchanga kwa mkono, na mfereji ukaonekana, umefunikwa kwa chuma chenye matundu.

“Maji haidanganyake muntu,” akasema. “Mulango ya nyuma iko wapi?”

Mlango wa nyuma ulikuwa upande usiopigwa na upepo. Jiwe la kizingiti lilikuwa limefunikwa na mchanga wa miaka mingi. Kabla Maman hajalifagia, nilimsihi asubiri. Nilikuwa nimekumbuka sentensi niliyoikata, na mazoea ya kazi yangu yalinishika: shahidi aulizwe kabla ya kuonyeshwa hati. Nikainama mbele ya padri.

“Padri, ile barabara yako ya kifungo. Ilikuwaje?”

Akafumba macho. Alinyoosha kidole hewani, akakivuta taratibu.

“Ilikuwa inaenda sawasawa, sawasawa... alafu ku mwisho inageuka kidogo. Kushoto. Kifungo ilikuwa inaangukaka pale, mama anasema, chukua, mutoto, kesho sitakuwa na ya kufunga koti.”

Maman akafuta jiwe kwa ncha ya kitenge chake. Palikuwa na mfuo wa urefu wa kiganja na nusu, laini kama mdomo wa kikombe, ulionyooka na mwishoni ukapinda kushoto.

Wa kwanza kusema alikuwa Maman, ambaye hajui kunyamaza.

“Ni hapa balinoaka visu. Kila mupishi ananoa kisu ku jiwe ya mulango. Hata kwetu. Hata kwenu ya Tanga, uliza mama yako.”

Ni kweli. Mama yangu alikuwa akinoa kisu chake kizingitini, na mimi nilikuwa nikifukuzwa pale kila siku. Hata hivyo, mwanachuoni ni mgumu kufa ndani ya mtu. Nikasema kwamba huenda askari walinoa visu vya bunduki zao.

“Bunduki ya mbao?” akauliza. Kisha akalishika koti langu, akakitazama kifungo cha chini ambacho kwa wiki mbili kilikuwa kikining'inia kwa uzi mmoja, akakikwanyua. “Alors, hii itafanya kazi.”

Padri akakalishwa juu ya jiwe. Akakisimamisha kifungo changu ndani ya mfuo, akakisukuma kwa kidole. Kikaenda sawasawa, kikageuka kushoto, kikaanguka. Akakiokota, akarudia. Alirudia mara sita au saba, akicheka bila sauti, mabega yakimtikisika, na machozi yakishuka bila yeye kuyajali. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeulizia basi:

“Sasa na chakula iko wapi?”

Jiko la gesi likawashwa ndani ya jengo la saba, kwenye pembe ambayo Maman aliichagua baada ya kurusha mchanga kidogo hewani. Upepo haukuuzima moto. Wali wa maziwa ukapikwa, mdalasini ukatiwa, watu hamsini wakala wakiwa wameketi mchangani, na watoto, baada ya kusikia habari za wale vijana wa zamani, wakajifundisha kutambaa wakiwa wameshika vijiti badala ya bunduki. Mlinzi alikula mara mbili, na saa kumi na moja ilipofika akasema kwamba saa yake imesimama. Mwishoni Maman aliinamisha sufuria, akakwangua kwa nguvu za mikono yote miwili, akauweka ukoko juu ya kifuniko na kumpelekea padri mlangoni.

“Mutoto,” akamwambia yule mzee wa miaka tisini, “kula, lakini usisumbue basoda.”

Aliula wote. Alikataa kunigawia.

Katika basi la kurudi nilifungua daftari na kuandika upya, kwa wino, sentensi niliyoifuta. Ramani ile ilionyesha walichokusudia maofisa. Walichokifanya wapishi, kulihamishia jiko jengo la saba walipoonja moshi wa siku ya kwanza, hawakumwomba mhandisi akichore.

Majengo yote tisa yalibomolewa mwezi wa Novemba. Mlinzi wa lango aliliomba jiwe kwa halmashauri, akalileta Laeken kwa gari lake mwenyewe. Sasa limelazwa mbele ya mlango wa bustani katika nyumba ya wazee. Padri huketi juu yake kunapokuwa na jua, na Maman hunoa kisu hapo. Kifungo changu sikurudishiwa.