Karatasi Niliyoikunja Chini ya Reli

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, halafu unisikilize. Mimi si mlevi. Kwetu Kakamega wananijua kwa ubishi, si kwa kuona mapepo. Na jambo hili halikutokea usiku. Lilitokea saa saba mchana, Jumamosi, hapa Kitengela, jua likiwaka mpaka mabati yanalia.

Mimi ni fundi wa milango ya slaidi, ile unasukuma inaenda kando ya ukuta. Ofisi za siku hizi ni vichumba tu. Mtu anapangisha futi nane kwa kumi, halafu mlango wa kawaida ukifunguka ndani unakula kona nzima. Mimi naung'oa, naweka slaidi, na mwenye ofisi anapata pa kuweka meza nyingine. Najisifu, ndiyo. Kazi yangu ni safi.

Sasa Madam Njoki, anayeshughulikia karatasi za mashamba, akaniita. Ofisi yake iko ghorofani, chumba kimoja, mlango mmoja. Kwa ile kona ya nyuma ya mlango kulikuwa na kigoda.

"Hapo ndipo kokoo mmoja wa Kisaju alikuwa anakaa akingoja," akaniambia. Kokoo ni nyanya, kwa Kimaasai. "Miaka miwili, fundi! Mlango ukifunguliwa unamficha, hata nilikuwa nasahau yuko."

Nikiwa nang'oa bawaba, akaingia binti wa huyo kokoo, Naserian. Mama yake walikuwa wamemzika mvua zilipoanza. Jumatatu kesi yao ya shamba ilikuwa inasikizwa Kajiado, na bila hati halisi ya umiliki baba yake mdogo angewatoa kwa hilo shamba, Naserian na watoto wake watatu.

"Madam, mama aliapa aliileta hapa. Kwa bahasha ya kaki."

"Nimetafuta nikachoka, Naserian. Mama yako alikuwa amezeeka. Alisahau."

"Alisahau mpaka jina langu," Naserian akasema. "Hiyo bahasha hakuisahau."

Akashuka ngazi akilia. Nilimhurumia, haki, lakini ningefanya nini? Fundi si wakili. Njoki naye akaenda kutafuta chakula, nikabaki peke yangu.

Slaidi inataka ukuta ulio wazi, kwa hivyo nikasukuma kabati kubwa la chuma. Nyuma yake kulikuwa na vumbi, mende waliokauka na makaratasi yaliyoanguka zamani. Nikalaza reli ya chini, nikaweka pima maji nione kama imelala sawa. Wapi! Sakafu ilikuwa imezama upande mmoja. Na wewe unatujua mafundi wa hapa. Hatuendi dukani kwa kitu kidogo kama hicho. Nikachukua karatasi moja nene kwa ile takataka, hata sikuitazama, nikaikunja mara nne, nikaigongea chini ya reli kwa nyundo. Pima maji ikakaa sawa kabisa. Nikapiga mluzi, nikachukua drili nifunge skrubu.

Hapo ndipo nikaguswa.

Nisikilize vizuri. Nilikuwa nimepiga magoti mlangoni, kichwa chini, nimeziba njia yote, hata kuku hangepita. Mkono ukatoka upande wa ndani, ukatua utosini mwangu, mzito, wenye joto, vile wazee wa Kimaasai husalimia watoto wakiinamisha kichwa. Niliweza kuhesabu vidole. Kidole kidogo hakikuwapo.

"Supa, enkerai ai." Yaani, salamu, mtoto wangu.

"Ipa," nikajibu, kabla akili haijafika.

"Toa karatasi yangu chini ya mlango. Nimengoja sana."

Nikainua macho. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, pale konani, na sasa hakukuwa na mlango wa kumficha. Shuka nyekundu, shanga shingoni, uso umetulia kabisa. Nilisikia harufu ya maziwa na moshi. Unadhani nilipiga nduru? Hata. Mwili wangu wote ulinyamaza, machozi yakatoka yenyewe, nikajiona mdogo sana mbele ya huyo mama. Nikainama, nikang'oa reli kwa mikono yangu miwili. Nilipoinua macho tena, kulikuwa na kigoda tu. Sasa niambie, angepitia wapi?

Nikaikunjua ile karatasi. Ilikuwa bahasha ya kaki. Ndani, hati ya shamba la Kisaju.

Njoki aliporudi akaisoma, akakaa sakafuni na sketi yake nzuri. "Ngai wangu! Nilimwambia huyo kokoo mbele ya watu kwamba anadanganya." Akampigia Naserian, ambaye alikuwa bado hajapata gari. Alipofika, kabla hata hajapewa hati, nikamuuliza kama mama yake alikuwa na kidole kidogo.

"Mkono wa kulia hakuwa nacho. Alijikata na panga akitafuta kuni, kabla sijazaliwa. Nani alikuambia?"

Niliinamisha kichwa tu.

Jumatatu hati ilifika Kajiado, na Naserian na watoto wake bado wako Kisaju. Mimi, nywele za pale utosini ziligeuka nyeupe kabla ya mwezi kuisha. Kinyozi wangu hunicheka, anataka kunipaka rangi. Nimekataa. Njoki alipata nafasi yake ya meza ya pili, lakini meza hajaileta mpaka leo. Kigoda kiko palepale, na mzee akiingia, anahudumiwa wa kwanza.

Fundi mwenzangu, usigongee karatasi chini ya kitu kabla hujaisoma. Na wewe wa ofisini, unayemwambia mama wa watu "kaa hapo nyuma ya mlango, utaitwa", mwite. Kumbuka, mlango unaweza kung'olewa, na yeye bado awe pale anangoja. Mimi siku hizi nikipiga magoti kwa mlango wa mtu, kwanza nasalimia kona.