Mume Wangu wa Kwenye Cheti

Jumamosi saa nne asubuhi, mwanaume nisiyemjua alibisha hodi kwangu akaniambia yeye ndiye mume wangu.

Hakuwa mlevi. Alikuwa amechana nywele vizuri, na mkononi alishika karatasi yenye mhuri. Ile pua tu, nilishaiona mahali.

"Dada, samahani kwa usumbufu," alisema. "Nimekuja tuachane."

Mume wangu alikuwa jikoni akiosha vyombo. Nikasikia sahani ikivunjika.

Kwanza mnijue. Kazi yangu ni kukagua vyeti vya waombaji kazi katika kiwanda cha rangi. Mihuri ya kughushi naikamata kwa macho tu, hata kazini wananiita Hadubini. Mume wangu nilimpata huko huko. Aliomba kazi ya kutunza stoo, nikakagua vyeti vyake siku mbili nzima, nikaandika HALALI. Mwaka haukuisha, akanioa.

Mgeni akajieleza. Ni fundi wa kuchomelea vyuma, anaishi mji wa mbali. Alikwenda kwa msajili wa ndoa na mchumba wake, akaambiwa haiwezekani. Jina lake na namba yake ya kitambulisho vina mke tayari.

Mke mwenyewe ni mimi.

"Na aliyeko jikoni ni nani?"

"Mdogo wangu. Mwambie atoke, asijifiche nyuma ya povu."

Mume wangu akatoka, sabuni mpaka kwenye viwiko.

"Kaka, shikamoo."

"Marahaba, mimi."

Kumbe hesabu zilimshinda mume wangu shuleni. Kaka yake alifaulu, akaenda kutafuta maisha, akaacha vyeti na kitambulisho kwenye sanduku la mama yao. Mdogo akaviazima kwa muda. Muda wenyewe ulifika miaka kumi na miwili. Wanafanana kama shilingi kwa ya pili, kwa hiyo picha haikunishtua. Na kwao wote walimwita Kitinda, jina halisi halikutajwa hata siku moja.

Niliambiwa ana kaka, yuko mbali, hapatikani. Sasa alikuwa amekaa kwenye kochi langu.

Naomba ieleweke: ukaguzi wangu haukuwa na kosa. Vyeti vilikuwa halali kabisa. Wa kughushi alikuwa mtu.

Nikakumbuka siku ya ndoa. Msajili aliposoma jina la bwana harusi, mama mkwe alikohoa mpaka akaletewa maji. Nikadhani kifua.

Kilichoniuma ni binti yetu wa miaka minne. Cheti chake cha kuzaliwa kilisema baba yake ni fundi huyu aliyekuwa anamwona kwa mara ya kwanza.

Sikulia. Nilitafuta wakili.

"Talaka inasema ndoa ilikuwepo, imekwisha," wakili alinieleza. "Kubatilisha kunasema ilikuwa na kasoro tangu siku ya kwanza, maana ulidanganywa unaolewa na nani. Ukiomba talaka, mama, utakuwa umeachana na shemeji yako."

"Na mtoto?"

"Mtoto habatilishwi. Haki zake zinabaki palepale. Jina la baba litarekebishwa kwa amri ya mahakama."

Nikafungua shauri.

Hakimu akamtazama mume wangu juu ya miwani. "Ulipofunga ndoa, ulifunga kama nani?"

"Kama kaka, mheshimiwa. Lakini mapenzi yalikuwa yangu."

"Mapenzi hayana namba ya kitambulisho."

Ndoa ikabatilishwa. Fundi akawa kapera, binti akapata baba sahihi kwenye karatasi. Kitinda akafukuzwa kazi, kisha akahukumiwa kifungo cha nje: miezi sita kufagia uwanja wa mahakama ile ile. Mimi nikapewa barua ya onyo kazini.

Kila Ijumaa nilimpeleka binti akamwone. Na nilipokuwa pale, nilimkagua upya: alikokuwa anakwenda, aliyoniambia, yote ya miaka sita. Uongo niliokuta ni mmoja. Mkubwa, lakini mmoja.

Siku moja akaegemea ufagio. "Nikuoe tena? Safari hii mimi mwenyewe."

"Lete vyeti."

Akaleta cheti cha kuzaliwa, kadi ya chanjo na ripoti ya shule yenye sifuri ya hesabu. Sijawahi kufurahia sifuri namna ile.

Tukaenda kwa msajili. Binti kashika maua, mama mkwe shahidi. Msajili akaandika jina halisi la bwana harusi kwenye kompyuta, akasubiri majibu.

Mama mkwe akaanza kukohoa.

Nikafumba macho.

"Bwana harusi," msajili akasema, "hapa inaonyesha una mke. Mwaka wa kumi sasa."

"Mke gani?" Kitinda akauliza. Mimi nikamgeukia mwenye kikohozi.

"Mama, sema."

"Kaka yake alirudi kuchukua vyeti, mwanangu. Akakuta sandukuni vimebaki vya mdogo. Ulitaka aishi bila jina?"

Ndipo nikaelewa kwa nini fundi alilitafuta jina lake kwa bidii vile. Mke wa kwanza, mama akaongeza, alishamkimbia, na lile jina la mdogo aliloliazima lilikuwa limejaa, lina mke tayari.

Mtu asiye na vyeti miaka kumi na miwili alikuwa akiishi kwa jina la nani? Swali jepesi. Hadubini mzima sikuliuliza.

Shauri la pili linasikilizwa mwezi ujao. Wakili sasa anatupokea kwa chai, kama ndugu.

Wenzangu, kabla ya ndoa kagueni vyeti, kisha mkague mwenye vyeti. Na mama mkwe akikohoa, msikimbilie maji. Mwacheni akohoe mpaka aseme.