Kicheko cha Ephantus Kibuthu

Kwa miaka kumi na miwili Ephantus Kibuthu ameongoza vipindi vya vichekesho vya televisheni hapa Eldoret, na sijapata kumwona akisikiliza mzaha hadi mwisho. Haoni haja. Kabla mchekeshaji hajapanda jukwaani, yeye huwaamuru watazamaji wacheke bure kwa dakika kumi huku akiwarekodi, kisha hukipachika kicheko hicho popote anapoona pamepoa. Uvivu huo yeye huuita ufundi, na amewafundisha vijana wengi kuuita hivyo.

Mwaka jana alimrekodi Hamdi, binti wa mtaa wa Huruma, katika onyesho lake la kwanza la saa nzima. Katikati ya mizaha, Hamdi alisimulia jinsi baba yake, dereva wa lori, alivyofia barabarani akipeleka mchele Lodwar. Ukumbi mzima ulinyamaza. Alipooneshwa kanda iliyohaririwa, alisikia watu wakiangua kicheko palepale.

"Mzee Ephantus, tafadhali, toa hicho kicheko. Mama yangu ataangalia."

"Wewe msichana, hii ni komedi, si matanga! Watu wakisikia kimya wanabadilisha stesheni."

Kipindi kilirushwa Jumamosi bila kuguswa, na Ephantus akajisifu wiki nzima kwamba hakuna aliyebadilisha stesheni.

Mama yake Hamdi pia hakubadilisha. Alitazama hadi mwisho, kisha akamgeukia binti yake na kumuuliza, "Hawa watu waliomcheka baba yako ni akina nani?"