Siku Tuliyodhani ni Utani

Walipomburuta mfiwa nje kwa mkanda wa suruali yake, mume wangu alicheka. Na mimi nilicheka. Tulikuwa tumekaa chini ya turubai pamoja na waombolezaji wengine, katika komini ya Kenya. Ndivyo mtaa ule wa Lubumbashi unavyoitwa, na nyumbani Tabora kuna ndugu zangu wanaodhani hadi leo kwamba tulihamia Nairobi.

Kwetu, msibani watani ndio wenye fujo. Wanaficha majembe, wanalala ndani ya kaburi na kukataa kutoka, wanamsema marehemu vibaya, na wafiwa hawana ruhusa ya kukasirika. Tulikuwa tumeshaambiwa kwamba huku nako wapo, wanaitwa banungwe, koo ambazo zimetaniana tangu mababu. Basi vijana wale walipomkalisha mfiwa kwenye tope, wakamvua viatu, wakammwagia maji yaliyooshewa sufuria, mume wangu aliniinamia akasema, "Ndio wenyewe hao. Afadhali wamchangamshe kidogo."

Mfiwa alikuwa muumini wetu, fundi wa kuchomelea milango ya chuma. Aliyekufa ni mke wake. Mimi namkumbuka mwanamke yule kwa sababu tulipofika, mwinjilisti na mke na watoto wasiojua bei wala njia, yeye ndiye aliyenishika mkono sokoni Kampemba akanionyesha makala mazuri, ndivyo huku wanavyouita mkaa, na makala ya kudanganyia wageni. Jumatano ya akina mama alitangulia kufika, akafagia kanisa peke yake. Akinisikia nikisali aliuma midomo asicheke. "Mama pasta, uko naongea sawa radio," aliniambia. "Mungu atazania ni habari ya saa saba."

Alipougua, mume wangu alikuwa akimaliza sala ya asubuhi anapanda pikipiki kwenda kumwona, na mimi nilipeleka uji. Nasema nilichoona: fundi hakumtupa mke wake. Alimpeleka hospitali mapema, akalala sakafuni chini ya kitanda chake. Lakini jambo moja hakulifanya. Kwa desturi ya huku, mke akiugua, mume anatakiwa awape habari wakwe kabla mambo hayajawa mabaya, waje wamwone mtoto wao akiwa hai. Fundi hakuwapa. Aliniambia mke mwenyewe alimkataza, hakutaka mama yake asumbuke kusafiri. Huenda ni kweli. Anayejua alikuwa amelala ndani kwenye sanduku. Ndugu zake kule Kasenga walipata simu moja tu, nayo ilikuwa ya kifo. Walikuja juu ya lori la samaki, wakafika na vumbi hadi kwenye kope.

Hao ndio tuliowaita watani.

Kofi la kwanza lilisikika kama ubao unapasuka, na hata hapo nilikuwa bado natabasamu. Kisha kaka wa marehemu, mtu mnene mwenye shati la njano, aliingia kwenye banda la fundi akatoka na kipande cha chuma cha fremu ya mlango. Akampiga nacho begani. Fundi akalala upande. Akampiga tena, na sasa damu ikatoka sikioni. Nilimtazama yule kaka usoni kwa mara ya kwanza. Kamasi na machozi vilikuwa vinamtiririka mpaka kidevuni.

Nilimshika mume wangu mkono. "Baba watoto, yule analia."

"Lazima alie, anapigwa."

"Siyo yeye. Anayepiga."

Mume wangu aliacha kucheka. Kwetu mtani halii, na nadhani kila mahali ni hivyo.

"Ulimuficha dada yetu!" kaka alikuwa anapiga kelele. "Telefone yako ni ya kuita bamama bengine tu?"

"Shemeki, nisamehe. Shemeki..."

"Usiniite shemeki! Dada amekufa, na bushemeki imekufa!"

Chuma kikashuka tena, mara hii mkononi. Nilisikia mfupa.

Mume wangu alisimama na Biblia juu. "Kwa jina la Yesu, acheni!"

"Mutanzania, kaa chini!" mtu mmoja akamwambia, wala hakumwambia kwa ubaya. "Hii haiko mambo ya Biblia."

Hakukaa. Alijiingiza katikati, na kiti cha plastiki kikamjia usoni, nyusi ikachanika. Nasikitika kuandika kilichofuata, ila nikikiacha nitakuwa nimewasema ndugu wa Kasenga peke yao. Mume wangu kabla hajaokoka alikuwa mpakia magunia stesheni, na mikono ile haijaokoka yote. Alimpiga ngumi kijana aliyekuwa karibu naye. Kijana yule sikumwona akimgusa mtu. Labda alikuja kutenganisha. Alianguka akatema jino.

Hapo ndipo palipoharibika kabisa. Wale waliokuwa wanatazama tu sasa nao walikuwa na sababu. Viti vikaruka. Nguzo ya turubai ikang'oka, turubai likatuangukia, na chini yake watu waliendelea kupigana bila kujua wanampiga nani. Sufuria ya maharage ilimwagikia msichana miguuni, nikasikia sauti ambayo sijawahi kuisikia tena. Ndani ya nyumba akina mama walilalia sanduku ili lisiangushwe. Fundi alikuwa chini, anapigwa mateke na watu ambao nina hakika hawakumjua. Halafu nyuma, barabarani, sauti ikasema, "Mulete pneu! Mulete mafuta!"

Tairi nililiona. Lilikuja likibiringishwa kwa mguu, polepole, kama la kuchezea.

Nilikimbia. Sitasema nilikimbilia msaada, maana mwanzoni nilikuwa nakimbia tu. Nilifika kwenye moto wa jikoni, na pale alikuwepo bibi mmoja ambaye tangu tulipofika msibani nilimchukia. Alikuwa anakula ugali, na katikati ya kula anamsimanga marehemu kwa sauti: "Umekufa makusudi, ili usinipikie bukari! Muvivu hivi tangu mutoto!" Wanawake wa pale walicheka mpaka wakajifuta macho. Mimi nilidhani amelewa. Sasa nilimwona alivyo. Hakuwa na chozi, na hakuna aliyemkasirikia.

"Kambo," nilimwambia, kwa maana ndivyo wanavyomwita bibi, "wewe ni munungwe wao?"

"Ya hawa ba Kasenga? Benyewe kabisa."

"Wanamwua mtu."

"Niko naona. Lakini angalia miguu." Akavuta kitenge. Miguu ilikuwa imevimba kama mito. "Nani atanibeba? Wewe?"

Nilichuchumaa, akanipanda mgongoni. Alikuwa mzito, na alinikamata shingo hadi pumzi ikaniisha. Nilipita katikati ya viti na ngumi, nikapigwa kiwiko mbavuni, sijui na nani, na bibi juu yangu anatukana kila tunayempita. Nilipofika kwa fundi nilianguka, bibi akadondoka juu yake mzimamzima.

Kaka alikuwa ameinua chuma.

"Piga!" bibi akamwambia. "Piga, kichwa ya samaki! Munakula kapenta mpaka akili inanuka! Huyu ni nyama yangu, njo minamulalia. Piga kambo yako, halafu nitafungua kitenge, utaona kule kambo yako alitokea!"

Akashika pindo la kitenge kweli.

Kaka alibaki na chuma hewani. Mtani hapigwi, na uchi wake hautazamwi, hilo hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mtu mmoja akacheka, kicheko kibaya cha kukosa la kufanya. Mwingine naye. Kaka akaketi kwenye tope palepale, chuma mapajani, akalia kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Nisidanganye kwamba wote walitulia. Mmoja alimpiga fundi teke la mwisho mguuni, pale ambapo bibi hakupafunika. Lakini mwenye tairi alilikalia akaomba sigara, na bibi alikataa kuinuka mpaka gari la kumpeleka fundi hospitali lilipopatikana. Alikuwa anadai aletewe nyama ya kwenye maharage yaliyomwagika.

Jicho moja la fundi halikupona.

Kesho yake tulizika. Mjomba wa marehemu alimwita pembeni mume wangu, aliyekuwa aongoze ibada, akamwambia kwa heshima, "Pasta, leo hapana. Mukono yako ingali na damu ya mutoto yetu." Hakubisha. Alisimama nyuma kabisa, na kijana wa jino alisimama karibu naye, hawakutazamana. Mimi nilisimama na akina mama, mbavu zinauma nikiimba.

Fundi aliletwa na bandeji, mkono umefungwa, uso umevimba haoni kitu. Aliyemwongoza kati ya makaburi ni yule kaka, shati lilelile la njano. Alikuwa amemkamata kola kwa nyuma. Kama ni kumsaidia au ni kumlinda asitoroke, sikuweza kujua, na nilitazama sana.

"Simama. Hapa njo shimo," alimwambia. "Fungua mukono."

Akamwekea udongo kwenye kiganja. Fundi akaurusha, lakini aliurusha kando, ukaangukia viatu vya shemeji yake. Kaka alitazama viatu vyake. Kisha akamgeuza mabega kidogo, akainama, akachota mwingine, akamwekea tena.