Sauti ya Saa Nane Mchana

Nilipokuwa mtoto, tukiishi kwenye apatimenti ya vyumba viwili kule Brooklyn Center, nyanya yangu alikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuivunja. Ukisikia jina lako likiitwa mara moja tu, na humwoni anayekuita, usiitike. Subiri. Aliye hai ataita tena. Asiye hai huita mara moja, kisha hungoja.

Nyanya alikuwa mtu wa kanisa, wa kuamka Jumapili kabla yetu sote na kutuhimiza tusichelewe ibada, na hakuona ugomvi wowote kati ya mambo hayo mawili. Alizaliwa milimani Taita, ambako zamani mafuvu ya wazee yaliwekwa kwa safu ndani ya mapango, na watu wakaenda kuzungumza nayo mambo yalipoharibika. Alipokuwa msichana babu yake alimpeleka huko. Alichokiona hakutusimulia kamwe. Alitupa sheria tu.

Mama alimcheka. "Mama, hapa ni Minnesota. Wafu wa huku hata kutamka majina yetu hawajui."

"Watajifunza," Nyanya akasema.

Mama alikuwa nesi wa kuwatunza wazee majumbani mwao, na wakati huo alimtunza ajuza mmoja Mgiriki wa Saint Paul, Bi Eleni. Nilizoea kwenda naye siku za likizo, nikawa namsomea yule bibi magazeti ya wiki iliyopita, naye akawa ananifundisha maneno ya kwao. Mama alisema nikiwepo anakula, nisipokuwepo anasukuma sahani. Kwa hiyo Bi Eleni alipong'ang'ania kwenda kukiona kijiji chake mara ya mwisho, mwanawe, ambaye hakuweza kuacha kazi, alikata tiketi tatu: ya mama yake, ya Mama, na yangu. Nilikuwa na miaka kumi.

Jioni ya kufunga mizigo Mama alimwonyesha Nyanya picha ya kijiji kwenye kompyuta. Kilikuwa katika kisiwa cha Krete: ghuba ndogo, nyumba nyeupe, na upande mmoja genge refu la rangi ya asali, limetobolewa mashimo toka chini hadi juu kama jengo lenye madirisha yasiyo na vioo.

"Hizo ni nyumba za nani?" Nyanya akauliza.

"Ni za watalii kupiga picha," Mama akasema.

Mimi nilikuwa nimeshasoma maelezo chini ya picha, nikamjibu Nyanya kwa Kiingereza, kama kawaida yangu, kwamba zamani sana yalikuwa makaburi. Nyanya alizitoa nguo zangu zote kwenye begi, akazikunja upya moja moja, kisha akanishika kidevu. "Wakesho, sheria yangu inapanda ndege pia. Umenisikia?"

Yeye peke yake ndiye aliyeniita Wakesho. Shuleni, kanisani, hata kwa Mama, nilikuwa Grace.

Kijijini tulifikia kwa binamu ya Bi Eleni, nyumba ya tatu kutoka ufukweni. Siku za kwanza zilikuwa njema. Bi Eleni alikula samaki hadi miiba ikabaki mitupu. Alitembea na mkongojo wake akisalimia watu ambao wengi hawakumjua, maana waliomjua walikuwa wamekwisha. Kila asubuhi aliomba akalishwe kwenye kiti kinachoelekea genge. Huko, alituambia, yeye na dada yake walikuwa wakicheza nyumba-nyumba, kila mmoja na pango lake. Dada huyo alikufa kwa homa akiwa na miaka minane.

Kule mchana ulinitisha kuliko usiku. Baada ya chakula kijiji kizima kililala. Milango ilifungwa, mbwa walijikunyata kivulini, hata mlinzi wa mapango aliinamia meza yake akakoroma. Jua lilikuwa jeupe, nyenze wakilia pamoja, kisha wakinyamaza pamoja kama waliokatwa sauti. Siku ya tano, saa nane mchana, niliwaacha Mama na Bi Eleni wamelala kwenye vitanda vyao nikatoka bila viatu kwenda kuyaona mapango.

Niliingia katika pango la chini kabisa, kando ya njia. Ndani mlikuwa na baridi ya ghafla, na harufu ya chumvi na vumbi la zamani. Ukutani palichongwa kitanda cha jiwe, na mahali pa kichwa pamebonyea kidogo, kama mto. Kilikuwa kifupi. Nililala juu yake nione, na kikanitosha kuanzia utosi hadi kisigino. Ndipo nilipoelewa kwamba hakikuchongwa kwa ajili ya mtu mzima.

Nyenze wakanyamaza.

"Wakesho."

Ilitoka ndani ya pango, nyuma ya kichwa changu, ambako hapakuwa na kitu ila ukuta. Ilikuwa sauti ya Nyanya, ile ya kuniita mezani, bila haraka. Karibu niitike. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni, nikaweka viganja vyangu viwili juu yake. Nikasubiri. Moyo ulipiga hadi nikausikia kwenye jiwe. Haikuita tena.

Kisha nikasikia kitu kingine, nje, njiani. Sapatu zinaburuzwa, na mkongojo unagonga mawe. Na sauti ya Bi Eleni, nyepesi, ya furaha, ambayo sikuwahi kuisikia Saint Paul: "Erhome! Erhome!" Neno hilo alinifundisha mwenyewe. Maana yake ni "naja".

Kivuli chake kikapita mlangoni mwa pango, hatua tatu kutoka nilipolala. Niliona mkono na ncha ya mkongojo. Ningeweza kumwita. Lakini niliona kwamba kufungua mdomo ni sawa na kuitika, na kwamba kile kilichonyamaza nyuma yangu kilikuwa kinasikiliza. Nikakaa kimya. Mkongojo ukaanza kupanda ngazi za mawe kwenda mapango ya juu, ukapanda, ukapanda, na sikuusikia ukishuka.

Nilikimbia hadi nyumbani, nikajilaza kando ya Mama, nikafumba macho. Mama alikuwa bado amelala. Dakika chache baadaye watu walianza kupiga kelele ufukweni.

Walimkuta chini ya ngazi, amevunjika nyonga. Hospitalini alimwambia Mama, kwa utulivu kabisa, kwamba dada yake alimwita. Mama alidhani ni dawa za maumivu zinazosema. Siku ya tisa Bi Eleni akafariki.

Mwanawe hakumpigia Mama kelele. Alimuuliza swali moja tu kwenye simu, kwamba alikuwa wapi, naye Mama akajibu, "Nilikuwa nimelala." Kazi ikaisha hapo. Mwaka mzima uliofuata Mama alifanya zamu katika nyumba mbili za wazee, akirudi na miguu imevimba, na hakujitetea kwa mtu yeyote. Nami sikumwambia kwamba nilimsikia Bi Eleni akipita.

Nilimwambia Nyanya. Alikuwa anachambua maharagwe mezani. Aliuliza iliita mara ngapi, nikasema moja. Akauliza ilikuwa sauti ya nani.

"Yako," nikasema, kwa Kiswahili.

Mikono yake ikatulia. "Mimi nikikuita," akasema taratibu, "huita hadi uje. Huyo aliiazima tu." Na tangu siku hiyo hadi alipofariki, hakuniita tena bila kunitazama usoni.

Mama nilimweleza mwaka jana tu, jikoni kwangu Lakeville, alipokuwa ananisaidia kumenya viazi. Alisikiliza hadi mwisho. "Ulikuwa mtoto," akasema. Akamaliza kiazi, akachukua kingine. "Lakini ungeniamsha tu, Grace." Hatujazungumza tena jambo hilo, na sidhani tutazungumza.

Mimi mwenyewe sasa ni nesi, katika nyumba ya wazee kule Saint Paul. Wanapokaribia kuondoka, wengi huanza kuitikia watu nisiowaona. Wenzangu wageni wa kazi huogopa, huwasha taa zote na kuongeza sauti ya televisheni. Mimi huvuta kiti nikakaa. Huuliza, "Nani anakuita?" Nao hunijibu bila kushangaa: mume wangu, mama, kaka yetu mdogo. Wengine wananieleza alivyovaa.

Ni nani aliyelitamka jina langu katika pango lile, sijui, na nimeacha kutaka kujua. Kinachonirudia ni ile furaha iliyokuwa kwenye sauti ya Bi Eleni. Alikuwa karibu nami kiasi cha kumgusa. Ningemshika mkono nikamuuliza ni nani anayemwita, naye angesimama kidogo anijibu, maana alipenda sana kuulizwa.