Chupa Zenye Mafundo

Nakumbuka siku niliyofungua boksi langu la chupa nikakuta karatasi zote nyeupe. Mwanangu, nilizigeuza moja moja, hakuna hata herufi.

Nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, nikichunguza vinasaba vya samaki wadogo wa mbuga za Igunga, wale wa madimbwi ya mvua. Kiangazi dimbwi hukauka na samaki wote hufa, lakini mayai yao husubiri ndani ya udongo uliopasuka hadi mvua irudi. Nilitaka kujua wamejaliwa nini cha kuvumilia ukame ule, na kama kila dimbwi lina ukoo wake. Vipande vya mapezi nilivitia kwenye chupa za spiriti, na ndani ya kila chupa karatasi yenye jina la dimbwi, kwa kalamu ya wino. Spiriti ikaufuta wino wote.

Na nilikuwa nimeonywa! Babu yangu Maganga, mrina asali aliyenionyesha madimbwi hayo, alifunga uzi wenye mafundo kwenye kila dumu: fundo moja asali ya msitu huu, mawili ya msitu ule. Ufundi huo aliurithi kwa babu yake, mpagazi wa misafara ya Tabora. Alitaka kufunga nyuzi hizo kwenye chupa zangu pia, nikamcheka: "Babu, hii ni sayansi." Akaendelea kuchuja asali yake. Masikio ya ujana, mwanangu, wakati mwingine ni mapambo tu.

Madimbwi yalishakauka na ripoti inangojwa. Nikaanza kubahatisha, nikaandika madimbwi mawili jirani kuwa ukoo mmoja. Babu akanikuta na kalamu mkononi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Unakumbuka, au unatunga?"

Nikaiweka kalamu chini.

"Mimi asali nisiyoujua msitu wake, namwambia mnunuzi siujui. Wewe unawazulia samaki ukoo? Mficha uchi hazai, mjukuu wangu. Kamwambie mwalimu wako."

Nilikwenda. Mwalimu alinikemea hasa, na wenzangu wakahitimu mimi nikabaki. Mvua iliporudi, madimbwi yakajaa samaki, nikachukua vipande upya, na babu akafunga mafundo kwenye kila chupa kwa mkono wake. Majibu yalipotoka, yale madimbwi mawili jirani yalikuwa na koo mbili tofauti kabisa! Uongo wangu ungefundishwa hadi leo.

Najivunia ugunduzi ule, sifichi. Ila najivunia zaidi ile safari ya aibu kwenda kwa mwalimu, na babu asiyejua kusoma aliyenituma.

Basi wewe unayekwenda kuanza utafiti wako, andika kwa penseli, na uzi wa babu usiudharau. Usipojua, sema sijui, maana njia ya mwongo ni fupi. Mungu akubariki, mwanangu, akufungulie milango. Na siku utakayokosea, akupe miguu ya kwenda kusema.